Mama Mchungaji Aliyeponywa Macho

Praxeda, mke wa mchungaji wetu, alinipita Ngamiani mchana kweupe, mimi nimekaa kibarazani na cherehani yangu. Nilimpungia mkono tu, maana mdomoni nilikuwa nimebana pini. Alipita karibu sana, upindo wa kanga yake ukagusa meza ya cherehani, wala hakunitazama.

Jumapili iliyofuata niliwasimulia wenzangu, na kumbe kila mmoja alikuwa na la kwake. Mmoja alimpa mkono mlangoni mwa kanisa, mkono ukabaki unaning'inia. Mwingine alishuka kabisa kwenye baiskeli ili amsalimie, Mama Mchungaji akaenda zake. "Ana maringo siku hizi," tukasema. Mimi nilikuwa katibu wa umoja wa wanawake, nikaliingiza jambo lile kwenye ajenda.

Tulimwekea kikao Jumatano baada ya maombi. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye mabenchi, yeye peke yake kwenye kiti. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakujitetea. Alipiga magoti kwenye sakafu akaomba radhi, akamgeukia huyu, akamgeukia yule, akituita kwa majina ya watoto wetu. Mimi nikaandika kwenye kumbukumbu: Mama Mchungaji amekiri kiburi na ametubu. Daftari lile bado lipo, na mwandiko ni wangu.

Kumbe alikuwa haoni pembeni.

Lakini nieleze kwanza alivyokuwa, kwa sababu siku hizi wanaomtaja wanataja macho tu. Praxeda ni Mbondei wa Muheza. Alikuwa mwalimu wa chekechea kule, mchungaji wetu Kristofa akamkuta, wakati huo bado ni mwinjilisti mwenye suti moja. Walipohamia kwetu Makorora, kanisa lilikuwa darasa la kuazima, Jumapili hadi Jumapili, na Yusta, mtoto wao wa pekee, alikuwa bado mgongoni. Tulijenga kwa mikono yetu. Praxeda alibeba maji ya kufyatulia matofali kama sisi, na kutushinda baadhi yetu.

Mwaka haukuisha alikuwa anamjua kila mtoto wa ushirika kwa jina, na yupi hali dagaa, na yupi analala kwa baba yake mdogo kwa sababu nyumbani hapalaliki. Mwanamke akijifungua, kabla mama mkwe hajafika Praxeda alishafika, na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai. Jumamosi za harusi ndizo alizozipenda kuliko zote. Alikuwa akipanda juu ya meza kufunga vitambaa, anacheka kwa sauti ya kumsahaulisha mtu kwamba ni mke wa mchungaji. Bibi vizee walimwita Mama, na kila mara ilimchekesha. "Mimi niwe mama yako, bibi? Basi kesho uje nikuogeshe."

Aliwahi kuniambia saa yake tamu ilikuwa Jumapili alasiri, watu wameshaondoka. Kristofa anavua tai, anakaa kwenye kigoda jikoni, anamuuliza, "Leo nimesema nini kibaya?" Naye humwambia bila kumung'unya: hapa umerefusha, pale umewagombeza wajane bila sababu. Wanacheka, wanakula bada, ule ugali wa muhogo, na samaki. "Ile ndiyo saa niliyoolewa kwa ajili yake," alisema.

Zile saa nyingine zilikuwa zetu. Nyumba ya mchungaji ilikuwa ya ushirika, kwa hiyo tuliingia bila hodi na kufunua vyungu. Akivaa gauni jipya, sadaka zetu hizo. Akivaa la zamani, anatuaibisha mbele ya wageni. Akikaa na sisi ni mmbea, akikaa ndani ana maringo. Nayasema haya nikiwa mmoja wao, tena wa mbele.

Aliyegundua hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa Mwanasiti, jirani wa mlango kwa mlango, mjane anayeuza vitumbua. Siku moja wamekaa wanakuna nazi, Mwanasiti akamnyooshea bakuli upande wa kushoto. Praxeda hakulipokea. Akalisogeza, akalirudisha, akalipeleka kulia. Hakuna kitu.

"Shoga," Mwanasiti akasema, "wewe wanitazama mimi, lakini bakuli hulioni."

"Bakuli gani?"

Kesho yake Mwanasiti aliacha vitumbua akampeleka kliniki ya macho. Daktari alimwambia ni presha ya macho, ugonjwa unaokula pembeni kwanza, kimya kimya, bila maumivu, unakwenda ukisogea katikati. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Akamuuliza kama kwao kuna aliyepofuka. Praxeda akasema mama yake, na kwamba kijijini walisema amerogwa. "Basi na watoto wako wapimwe," daktari akasema.

Mwanzoni Kristofa alilipokea vizuri, haki yake lazima nimpe. Alikuwa akimtia matone mwenyewe, amemlaza kichwa mapajani, anahesabu moja, mbili. Sisi tulipopata habari tuliona haya kidogo kwa kile kikao. Hakuna aliyekwenda kumwambia.

Halafu ukaja mkutano wa injili. Siku sita uwanjani, spika kubwa, na mtumishi mgeni ambaye sifa zake zilitangulia kufika kuliko yeye. Siku ya tano aliuliza nani ana shida ya macho. Watu walipanda jukwaani, na Mzee Ernesti, mwenyekiti wa wazee wetu wa kanisa, akamnong'oneza yule mgeni jambo. Mgeni akasema kwenye kipaza sauti, "Nasikia hata mama wa nyumba hii anasumbuliwa. Mama, njoo."

Praxeda alimtazama mume wake. Kristofa akamwashiria kwa kichwa aende.

Aliombewa kwa muda mrefu. Kisha mgeni akafungua Biblia, akamshikisha. "Soma!" Praxeda akasoma Zaburi, mistari minne, kwa ile sauti yake ya mwalimu wa chekechea, bila kukosea hata neno.

"Mama, unaona?"

"Naona."

Uwanja ulilipuka. Mimi nilikuwa mstari wa tatu, nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Kristofa alianguka magoti akilia. Na alikuwa haigizi. Aliamini. Angekosaje kuamini? Tulimwona kwa macho yetu akisoma.

Sikujua wakati ule, wala wengi hatukujua, kwamba mtu wa presha ya macho husoma vizuri karibu mpaka siku ya mwisho. Ni kama kutazama kwenye bomba: kilicho mbele yako unakiona, kilicho ubavuni hakipo. Praxeda alikuwa anasoma vilevile wiki moja kabla.

Usiku huohuo Mzee Ernesti aliwaambia nyumbani kwao, mbele ya wageni, "Mtu aliyeponywa haendelei na dawa. Akiendelea ni kama anamwambia Mungu, sijakuamini." Kristofa alichukua ile chupa ndogo ya matone akaitumbukiza chooni.

Kuanzia hapo Praxeda akawa ushuhuda. Watu walikuja kutoka Pangani na Korogwe kumwona. Kila Jumapili alisimamishwa, akasimulia, akasoma. Viti vilijaa, tukaongeza turubai nje. Na kila alipokaribia kusema neno kidogo tu la wasiwasi, kwamba mlango ameugonga, kwamba kikombe amekidondosha, Kristofa alimwambia kwa upole, "Usikiri ugonjwa. Kinywa chako ndicho mlango wa adui."

Alichofanya ni kwenda kwa Mwanasiti. Mwanasiti alimchukulia chupa nyingine kliniki, akaiweka kwake, nyuma ya mtungi wa maji. Asubuhi na jioni Praxeda alivuka njia kwenda kuazima mbuzi ya nazi. Mtaa mzima ukajua kwamba nyumba ya mchungaji haina mbuzi. Akiingia, Mwanasiti anafunga mlango, anamtia matone, wanakaa dakika chache macho yamefumbwa, kisha anatoka na mbuzi mkononi. Alikwenda hivyo miezi minane.

Sasa nieleze langu.

Mimi nina presha, ile ya damu, nilikuwa nikimeza vidonge kila siku. Baada ya kumsikia Praxeda Jumapili baada ya Jumapili, niliviacha. Hakuna aliyenituma. Nilisema tu moyoni, kama yeye ametendewa, kwa nini si mimi? Mwezi wa tano baada ya mkutano nilianguka kwenye cherehani. Nilipoamka hospitalini mdomo ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kushoto umelala kama si wangu. Mshonaji asiye na mkono wa kushoto hawezi kuongoza kitambaa. Mwanangu Noa alirudi kutoka Arusha kuniuguza, akauza cherehani yangu moja kati ya mbili.

Kanisani walisema imani yangu ilikuwa ndogo. Praxeda alikuja kuniona na uji. Aliketi kitandani, akanishika mkono uliokufa, akafungua mdomo kama anataka kusema jambo. Hakusema. Akaondoka.

Baada ya miezi mitatu nilikuwa hospitali kwa mazoezi ya viungo. Nilipita kwenye korido ya kliniki ya macho, nikamkuta kwenye benchi, kadi mkononi, Mwanasiti pembeni. Nilisimama mbele yake kabisa, mahali alipoweza kuniona. Rangi ilimtoka.

"Mama Noa," akasema, "hukuniona."

Mwanasiti akasema, "Dada, mhurumie."

"Sikukuona, Mama Mchungaji," nikajibu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ernesti, mguu ukiburuta. Nilijiambia: ameniulia mkono wangu kwa mdomo wake, na yeye huku anajitibu. Ningeweza kwenda kumuuliza. Nyumba yake ni hatua mia mbili kutoka kwangu. Sikutaka kumuuliza. Nilitaka aumie.

Kikao kilifanyika Ijumaa, wazee saba, Kristofa akikiongoza, mimi nikiandika kumbukumbu kwa mkono wa kulia. Praxeda alikaa mbele ya mume wake kama mshtakiwa kwa hakimu.

"Praxeda, ni kweli?" Kristofa akauliza.

"Ni kweli."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza."

Mzee Ernesti akaingilia. "Mama, siku ile uwanjani ulisema unaona. Ulitudanganya?"

"Sikudanganya. Nilikuwa naona kabla ya kuombewa na nikaona baada ya kuombewa. Mliniuliza unaona, nikasema naona. Hakuna aliyeniuliza kama kuna kilichobadilika."

Nakumbuka nilisimamisha kalamu, nikafikiri, sasa Kristofa atamshika mkono, yamekwisha. Nilimwona akimtazama. Alikuwa anampenda, hilo lilikuwa wazi usoni. Kisha akatazama dirishani, kule nje lilikokuwa turubai jipya na viti vipya, akasema, "Umemfanya Mungu mwongo mbele ya watu wake."

Waliamua atubu Jumapili mbele ya ushirika, atolewe kwenye huduma miezi sita, akae benchi la nyuma, na dawa zikome. Kristofa akaitaka chupa. "Iko kwa Mwanasiti," Praxeda akasema. Mzee Ernesti akapiga meza. "Kumbe siri za madhabahu zinalala kwa watu wa nje!"

Walikwenda wanne, nami nikafuata nyuma. Mwanasiti alisimama mlangoni kwake na unga wa mchele mikononi.

"Mchungaji, mimi ya dini yako siyajui, na sikufundishi," alisema. "Lakini hii dawa si yako. Mwenyewe aje aniambie."

Praxeda alitoka nyuma yetu. "Mpe, Mwanasiti."

"Mama Yusta, wajua nini kitafuata."

"Najua. Mpe."

Mwanasiti aliingia ndani akarudi na chupa, akamwekea Kristofa kiganjani, akafunga mlango. Tulimsikia analia huko ndani. Praxeda hakulia. Miaka miwili baadaye nilimuuliza kwa nini alikubali. Alisema, "Nilichoka kujificha. Na usinicheke, nilidhani labda nikitii, litakuwa kweli."

Jumapili alitubu. Nilikuwa hapo, na nilifurahi. Siwezi kusema vingine.

Ile nuru iliyobaki ilichukua miezi kumi na minne kuisha. Mwanzoni alipoteza ngazi, kisha nyuso, kisha herufi. Asubuhi moja alimuuliza Kristofa kwa nini hajafungua madirisha, na madirisha yalikuwa wazi. Mwanasiti hakuwapo tena, alikuwa amehamia Pangani kwa binti yake. Kristofa alihubiri kuhusu jambo hilo. Hakumtaja jina, alisema tu kwamba kuna mtu alipewa muujiza akaupoteza kwa kurudi kwenye dawa. Praxeda alikuwa benchi la nyuma anamsikiliza. Watu waligeuka kumtazama kwa uhuru, maana anayetazamwa kwa kawaida naye hutazama, na huyu hakuweza.

Tuligawana kazi zake. Shemasi mmoja binti alipewa kiti chake cha mbele na kukaribisha wageni. Sisi wengine tulikwenda kwa zamu kumsaidia nyumbani, na tulimsaidia kama watu wanaopanga stoo. Kila mmoja alipanga vyombo apendavyo, keshoye anakuja mwingine anavihamisha, na Praxeda anapapasa jikoni mwake mwenyewe mpaka anaungua. Tulizungumza juu yake mbele yake, kana kwamba masikio nayo yamekwenda. "Amekonda." "Baba Mchungaji ana mzigo jamani." "Bado kijana yule, afanyeje?"

Mimi nilifanya langu. Zamu yangu moja nilihamisha kopo la chumvi makusudi kutoka dirishani nikaliweka chini ya meza, nikakaa kwenye kigoda, kimya, nikimwangalia akilitafuta. Alipapasa dirisha. Akapapasa rafu. Akapiga magoti akapapasa sakafu. Ilichukua muda mrefu. Kisha akasema, bila kugeuka, "Mama Noa, mboga itaungua."

Alikuwa amejua kwamba nimekaa pale tangu mwanzo.

Nililitoa kopo nikampa, nikaenda nyumbani, na sikurudi zamu nyingine.

Yusta alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Alirudi likizo mwezi wa sita. Siku ya pili Praxeda alimsikia akijikwaa kwenye kigoda cha upande wa kushoto. Siku ya tatu akasikia tena, kigoda kilekile, upande uleule. Akamwita, akamsimamisha mbele yake.

"Yusta, nyoosha mikono yote miwili. Ipanue kama unafungua mlango. Sasa tazama mbele, usigeuze kichwa. Unaiona mikono yako?"

"Naona, mama." Kisha akasema, "Wa kushoto siuoni vizuri."

Praxeda alikwenda kwa Kristofa chumba cha kusomea, akipapasa ukuta. Alimwambia mtoto apimwe kesho. Yusta alisikia mlangoni, na ndiye aliyenisimulia. Baba yake alisema, "Tukimpeleka, watasema uzao wa mchungaji una laana. Ngoja tumwombee kwanza. Mwezi mmoja tu."

"Mwezi mmoja," Praxeda akarudia. Kisha akatoka, akamtuma Yusta kuniita.

Nilidhani naitwa kwa yale niliyomtendea. Njiani nilipanga maneno. Nilimkuta ameketi uani anachambua mchicha kwa vidole.

"Shikamoo haihitajiki, keti," alisema. "Hospitali unaijua. Kliniki ya macho unaijua. Kesho saa moja utatupeleka, mimi na Yusta."

"Mama Mchungaji, kwanza nataka nikuombe..."

"Usiniombe kitu. Mimi sina cha kukupa. Kesho saa moja."

Nilikwenda. Tulitembea watatu Makorora asubuhi watu wakiwa mabarazani, yeye ameshika bega la Yusta, mimi mbele nikiburuta mguu wangu. Walimwamkia, akamwitikia kila mmoja kwa jina, kwa sauti tu alikuwa anawajua wote.

Daktari alikuwa yuleyule. Alimpima Yusta kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mama mtu, akafungua kadi ya zamani. "Mama, wewe ulikuwa unakuja hapa. Ukaacha. Kwa nini?"

"Niliponywa, daktari," Praxeda akasema.

Daktari alimtazama yale macho. Kisha akaandika.

Yusta alikuwa nao, jicho la kushoto zaidi. Lakini daktari alisema wamewahi. Akiweka matone bila kukosa na kupimwa kila baada ya miezi michache, kuna tumaini kubwa atasoma, atafanya kazi, atazeeka na macho yake. Praxeda alimwomba arudie hilo neno la kuzeeka. Alipolirudia, ndipo nilipomwona analia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Jioni Mzee Ernesti na wazee wawili walikuwa mezani pamoja na Kristofa, wanakunywa chai. Habari zilikwishafika. Praxeda aliingia na Yusta, akasema, "Mwanangu, saa ya dawa. Weka hapahapa."

"Yusta, peleka chumbani," Kristofa akasema.

"Weka hapahapa."

Mtoto aliinamisha kichwa nyuma mbele ya wazee wa kanisa, tone la kwanza likaangukia shavuni. Hakuna aliyesogea. La pili likaingia. Mzee Ernesti alisimama akachukua kofia yake. "Mchungaji, chagua," alisema. Kristofa aliangalia kikombe chake. Hakuchagua, na kwa Mzee Ernesti kutochagua kulikuwa jibu tosha.

Watu walianza kuondoka, na kabla ya Krismasi wakubwa wa kanisa walimhamisha Kristofa kituo kidogo bara, kanisa la watu thelathini. Alimwomba Praxeda waende wote. Nilikuwepo siku ya kufunga mizigo, nikikunja mapazia. Alimpigia magoti, mbele yangu, mwanaume mzima. "Nilikuwa naogopa," alimwambia. "Niliogopa waumini wangeondoka wote."

"Wameondoka," Praxeda akasema. "Nenda, Kristofa. Ukifika salama nipigie."

Alimpigia. Anampigia mpaka leo, kila Jumapili alasiri. Mara nyingine anapokea, mara nyingine anaacha simu iite.

Sasa anaishi Muheza kwa kaka yake, chumba cha uani. Anapukuchua mahindi, anasuka mikeka, na Jumapili anakwenda kanisa la zamani la wazazi wake, kule ambako hakuna anayemwomba asimame. Yusta yuko kidato cha tano, matone anaweka, alama za hisabati anazimudu.

Ule ushuhuda wa uwanjani uliwahi kurekodiwa kwa simu, na bado unazunguka. Mwaka huu, nikiwa Muheza, alikuja mwanaume kutoka Ushongo amemshika mama yake mkono. Walikuwa wameona video, wakauliza njia nzima mpaka wakafika. Walitaka kumwona mama aliyeponywa macho, amwombee bibi.

Praxeda alikuwa mkekani. Aliinua uso. Yule mwanaume akaona, akasimama palepale na ile zawadi ya samaki wakavu mkononi.

"Ndiye mimi," Praxeda akasema. "Bibi, shikamoo. Ulianza kujikwaa lini?"

Aliwaeleza kliniki ilipo, siku gani wafike, wabebe nini. Bibi yule alikasirika, alisema hakusafiri kote huko kuambiwa habari za hospitali. Alimwita Praxeda mtu asiye na imani. Mwanawe alimvuta mkono wakaondoka, na sijui walikwenda wapi, kliniki au nyumbani.

Mimi huenda kila mwezi, nampelekea sabuni na sukari. Hajawahi kuniambia amenisamehe, nami nimeacha kungoja. Tunakaa uani, yeye anasuka, mimi namsogezea ukindu kwa mkono wangu wa kulia. Akihitaji ulio mrefu zaidi anasema, "Huu mfupi, Mama Noa," nami natafuta mwingine.